Siku Tuliyomteremsha Bibi wa Shaba

Anayebeba na anayebebwa, nani anampeleka mwenzake?

Swali hili nimelilea tangu nilipoanza kuufikia mti wa machela kwa ncha za vidole. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Sikuwahi kumwuliza mtu, maana katika Maandamano hatuulizani, tunaitikiana. Mmoja anataja jina takatifu, wengine wanajibu utuombee, na jibu ni lilelile hata kwa aliyesinzia. Msidhani nalalamika. Mtu aliyezaliwa ndani ya wimbo hana haja ya kujua nani aliuanzisha.

Nami nilizaliwa ndani yake. Mama yangu, Eufrasia, husimulia kwamba alikuwa ameshika mti wa mbele, upande wa kushoto, uchungu ukamjia. Akampokeza mwenzake mti, akaingia kwenye mianzi, akatoka na mimi mgongoni, akarudisha bega lake chini ya machela kabla litania haijafika kwa mashahidi. Watu hucheka. Yeye huapa. Jina akanipa Tekla, kwa kuwa ndilo lililokuwa likitajwa alipojitokeza.

Maandamano ni watu wanaomtembeza Bibi wa Shaba. Hayo ndiyo maelezo yote niliyowahi kupewa. Mbele hutangulia ubani, nyuma ya ubani kengele, nyuma ya kengele Bibi mwenyewe juu ya machela, na nyuma yake watu wote waliobaki na vyungu vyao, kuku wao, watoto wao na mafua yao, maana njia yetu hupita milimani kwenye ukungu na baridi. Ukiuliza tunakwenda wapi utaambiwa: mbele.

Ngoja niwaonyeshe Bibi, maana kumpenda mtu usiyemjua sura ni kazi ngumu. Amekaa. Kimo chake ni cha mtoto aliyeanza kutumwa chumvi kwa jirani. Mwana yuko mapajani. Waliomtengeneza ni watu wa zama za mbali, wafua shaba waliofunga kula kabla ya kushika nyundo: walichonga mti, wakaupigilia mabamba ya shaba membamba kama ganda la kitunguu, shaba wakaipaka dhahabu, na machoni wakatia kioo cha buluu. Dhahabu leo imebaki kwenye mikunjo tu, pale vidole vya watu visipofika. Pua imelika kwa mvua. Mdomo umepinda upande mmoja, kama wa mtu anayezuia kicheko kanisani. Mwana ameinua vidole viwili kubariki, na dole gumba lake lina alama ya jino. Nani alimng'ata, hatujui. Tulimpenda hivyohivyo. Tulisali mbele yake, na tulimsengenya kidogo pia, kama watu wanavyomsengenya bibi mzaa mama: leo kanuna, leo hataki mvua, leo anataka tuimbe polepole.

Kiti chake ni jambo jingine. Kiti kilikuwa cha mti mgumu, chenye nguzo, paa, pazia la minyororo na malaika wa shaba kila pembe. Kila kizazi kiliongeza kitu. Babu wa mtu aliongeza paa. Mjomba wa mtu akaongeza malaika mmoja, ndugu zake wakaona aibu, wakaongeza wengine. Hakuna aliyewahi kupunguza. Kupunguza kunahitaji mtu aseme, na kuongeza hakuhitaji hata salamu. Bega la mama yangu lilikuwa na sugu kubwa kama kiazi, naye aliipaka mafuta kila asubuhi kwa fahari, kama wengine wanavyopaka nywele.

Bibi haruhusiwi kugusa ardhi. Tukipumzika tunaiegesha machela juu ya nguzo zenye panda. Tangu lini? Tangu.

Na wakati kwetu haukai foleni. Siku moja, ukungu ulipopasuka, nilimwona mbali mbele yetu msichana mdogo amejifunga kanga yangu ya zamani, anachechemea kama nilivyochechemea nilipochomwa na mwiba. Nikamwambia Mama, yule ni mimi. Mama akatazama chini ya mti wa machela, akasema, "Ndiye. Muache, usimwite. Akigeuka atajikwaa." Nikamuacha. Na siku nyingine nilisikia nyuma yetu mtu anakohoa kikohozi cha kizee ambacho bado sijakipata, nikajua ni changu. Hayo hayakututisha. Nilikuwa mmoja na wengi, kama tone ndani ya mtungi.

Aliyetutembeza ni Mzee Gaudensi. Yeye hakubeba. Yeye alishika kengele. Akiipiga tunakwenda, akiushika ulimi wa kengele tunasimama. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye desturi ya kuwapa watoto nyama yake akisingizia meno. Sikuwahi kumwona akiwa mkali. Mwenye kengele hana haja ya kuwa mkali.

Kuna jambo moja tu ambalo litania haikulitaja. Asiyeweza tena kutembea aliachwa. Njiani kuna kona nyingi zenye jiwe jeupe, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na ndipo tulipowaacha: blanketi, kibuyu cha maji, baraka ya Gaudensi. Kisha kengele. Tulisema fulani amepumzika. Hatukugeuka nyuma, kwa sababu kugeuka, tuliambiwa, ni kumuumiza mtu mara mbili. Mtu akishapumzika, jina lake tuliliacha na blanketi.

Sasa nasimulia siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika, na tulikuwa tukishuka mteremko wa udongo mwekundu. Nilikuwa nimeshika mti wa mbele wa kulia, Mama wa kushoto. Aliteleza. Angeweza kuachia mti na kuruka pembeni, vijana wawili nyuma yake walishafanya hivyo. Hakuachia. Alipiga goti, akalisukuma bega juu ili Bibi asifike chini, na pembe ya kiti, yenye malaika wake, ikashuka juu ya paja lake. Nilisikia mlio. Mwanzi mkavu hulia hivyo.

Watu wakavamia, wakaiinua machela, wakaiegesha kwenye nguzo. Mama alibaki kwenye tope, uso umepauka.

"Amegusa?" akauliza.

"Hajagusa, Mama."

"Haya. Nipeni maji."

Gaudensi akaja, akachuchumaa, akaupapasa mguu kwa vidole vyake virefu. "Mama Tekla," akasema polepole, "mguu umekwenda."

"Najua. Nilikuwepo ulipokuwa unakwenda."

Gaudensi alicheka, machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Kisha akasimama, akatazama mbele, nasi sote tukatazama alikotazama. Chini kidogo, mahali njia inapopinda, palikuwa na jiwe jeupe. Mtu akaleta blanketi bila kuagizwa. Mwingine akajaza kibuyu. Wanawake wakaanza litania kwa sauti ya chini, ile sauti ya kumpumzisha mtu, na mimi mdomo wangu, mdomo niliozaliwa nao ndani ya wimbo, ukaanza kuitikia.

Utuombee. Utuombee. Utu

Nikanyamaza.

"Hapana," nikasema.

Ni neno dogo, lakini sikuwahi kulisikia likisemwa mbele ya kengele, na nadhani hata kengele haikuwahi kulisikia. Gaudensi alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya ndege.

"Tekla, mwanangu. Hawezi kutembea."

"Basi abebwe."

"Abebwe na nini?"

"Na machela."

"Machela ina mwenyewe."

"Ina nafasi ya mmoja," nikasema, "najua. Bibi ashuke, Mama apande."

Watu waliguna. Mama mwenyewe, pale kwenye tope, alinikaripia: "Tekla! Umekula nini leo? Niwekeni kwenye jiwe langu mwende zenu, baridi inakuja."

"Na Bibi tutamweka wapi?" Gaudensi aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa sababu kweli hakujua, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mtu huyu aliyetutembeza wote alikuwa akitamani mtu amwambie.

Nikaifungua kanga ya pili kiunoni. "Nitambeba mimi. Mgongoni."

"Mgongoni! Bibi habebwi kama mtoto!"

"Kwani hakuwahi kuwa mtoto wa mtu, Mzee? Kabla hajawa Mama wa Mungu alikuwa binti wa Ana. Ana hakumbeba? Au alimlaza kwenye nguzo zenye panda?"

Kisha mwanamke mmoja huko nyuma akaangua kicheko, akajiziba mdomo, na kicheko kikamtoroka kati ya vidole, kikamshika jirani yake, kikaenda kikirudi mstari mzima mpaka kwa wabeba kuku ambao hata hawakujua tunacheka nini. Mama alicheka akishika paja na kulia "mnaniua, mnaniua". Gaudensi alitazama kengele yake. Akaushika ulimi wake kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asiamke.

"Mteremsheni," akasema.

Wanaume walijipanga kana kwamba wanang'oa kisiki. Walishika huku na huku, wakahesabu, wakavuta kwa nguvu zao zote, na nusura waanguke chali na Bibi juu ya vifua vyao, kwa sababu Bibi alitoka kitini kama jani. Hakuwa mzito! Alikuwa shaba nyembamba juu ya mti ulioliwa na dumuzi. Tulikuwa tumebeba, mimi na mama yangu na mama yake na wote waliopumzika, kiti. Uzito wote ulikuwa wa kiti.

Nataka nikae kidogo juu ya jambo hili, maana mabega yangu hadi leo hayajalimaliza. Tulidhani utukufu ni mzito. Tulipoumia tulisema, huyu ni mkubwa, ndiyo maana anauma. Kadiri tulivyoumia ndivyo tulivyoongeza malaika. Na yeye muda wote alikuwa amekaa humo, mwepesi, mdomo umepinda, akizuia kicheko au kilio, nani ajuaye, hana namna ya kushuka. Mimi nadhani mwenye kuinuliwa sana huwa haulizwi kama anataka kuinuliwa. Tulimwonea yeye, tukajionea na sisi wenyewe, kwa upendo tu.

Mgongo wake haukupigwa shaba. Wafua shaba waliona hautaonekana, wakauacha mti mtupu, na katikati wakakata kijidirisha chenye mlango. Mlango ulikuwa umelegea, ukafunguka mikononi mwa wanaume, na wote tukachungulia tukitegemea mfupa wa mtakatifu au moto. Ndani palikuwa na nyumba ya nyigu wa udongo. Vyumba vidogo vidogo, vikavu, wenyewe wamekwisha kuruka zamani. Tulipomwambia Mama, alisema, "Basi hakuwa peke yake humo," na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyepata habari njema za ndugu.

Nilimfunga Bibi mgongoni. Pua yake baridi ilikaa kwenye shingo yangu, na vidole viwili vya Mwana vinavyobariki vilinichoma katikati ya mabega. Wanaume waling'oa paa, minyororo, malaika na mbao. Walianza kwa kuomba radhi kila kitu walichokitoa, wakamaliza wakitupa na kushindana nani atatupa mbali. Ilibaki miti na turubai lililokuwa chini ya kiti. Wakamlaza Mama juu yake, wakamfunga mguu kwa vipande vya mianzi, akapiga kelele, akawatukana kwa majina ya baba zao, wakamwinua. Watu wawili walitosha.

Gaudensi akapiga kengele, safari hii kidogo tu, kama anayegonga mlango.

Tukatembea. Shaba ilianza kupata joto langu. Watoto walinijia, kwanza kwa woga, kisha kwa fujo, wakamgusa Bibi visigino, maana hawajawahi kumwona isipokuwa kidevu kwa chini. Mmoja alimpangusa kamasi ya mvua iliyokuwa ikimdondoka puani. Na mimi nilikuwa nikitembea na swali langu, nalo lilikuwa limelegea kama mlango ule. Nambeba Bibi. Mama anabebwa. Mama alinibeba. Bibi alimbeba Mwana, nami nimewabeba wote wawili, na wao ndio walionipa miguu. Mgongo juu ya mgongo juu ya mgongo. Wa chini kabisa ni nani? Amesimama juu ya nini? Kuna dakika sikujua kama mimi ni Tekla au ni Eufrasia akitoka kwenye mianzi na kichanga chake. Sikutaka kujua. Nilijisikia kupendwa na pande zote mbili, mbele na nyuma.

Tulipokuwa tunalikaribia jiwe jeupe, Mama akasema kutoka juu, "Simameni."

Tukasimama. Hakuna aliyengoja kengele.

"Mnajua," akasema, "maisha yangu yote nilikuwa nimeinamisha kichwa chini ya mti. Sikuona kitu ila visigino vya Gaudensi. Vimepasuka, masikini, apakwe mafuta. Sasa nimelala chali nimeona mengine. Kule chini, nyuma ya ile mianzi, kuna moshi."

"Ukungu, Mama Tekla," Gaudensi akasema.

"Ukungu haunuki maharage."

Tulinusa. Kweli. Chini ya jiwe kulikuwa na kijinjia, kimekanyagwa sana, kilichojificha nyuma ya majani, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona kwa sababu kwenye jiwe hatukuwahi kugeuza shingo. Kuacha njia kuu kulikatazwa. Au hakukukatazwa, hakukuwahi kufanyika, na kwetu mambo hayo mawili yalikuwa pacha. Gaudensi alimsogelea Mama, akashika ukingo wa turubai. Akamwita kwa jina, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Eufrasia. Wewe unataka tufanye nini?"

Mama alifikiri. Alikuwa mwanamke aliyebeba kila siku ya uhai wake, na nadhani hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa.

"Nataka kukaa karibu na moto wa mtu," akasema.

Tukashuka.

Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, migomba nyuma. Mwanamke mnene wa makamo alikuwa mlangoni akijifunga kanga kwa haraka, kama anayewahi mahali. Jina lake, tulikuja kuambiwa, ni Restituta.

"Hodi hapa," Gaudensi akasema.

"Karibuni. Shikamoo, baba. Mbona leo mmemleta wenyewe? Ndiyo kwanza nilikuwa nakuja kumchukua."

"Kumchukua nani?"

"Mgonjwa. Kengele ikinyamaza hapo juu kwenye jiwe, najua mmeniachia mtu."

Gaudensi akasogea hatua moja.

"Umekuwa ukiwachukua?" akauliza.

"Sasa niwaache na mvua?" Restituta alishangaa. "Nilidhani mnaniletea. Nilikuwa nasema, watu hawa wana imani na mimi, lakini hodi hawapigi."

"Wa mawe yote?"

"Mawe gani, baba? Jiwe ni moja."

"Njiani kwetu yako mengi."

"Jiwe ni moja. Mengi ni mapito yenu. Mkipita napanda maharage, mkipita tena nachuma. Ndiyo kalenda yangu. Msimu mlipochelewa nilipanda vibaya." Akanikazia macho. "Na huyo mgongoni amelala? Mlete ndani, baridi hii." Akasogea, akafunua kanga begani mwangu, akakutana na macho ya kioo cha buluu. "Yesu na Maria!"

"Ndio haohao," nikasema.

Gaudensi alikaa juu ya kinu kilichokuwa uani. Alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Nyuma yetu habari ilikuwa ikipanda kijinjia kwa kunong'onezwa: tunazunguka, tunazunguka, jiwe ni moja. Wengine walilia. Kijana mmoja alipiga mwanzi kwa fimbo mpaka fimbo ikavunjika, akasema tumedanganywa. Alipoulizwa na nani, alitafuta kwa macho, akamwona Gaudensi juu ya kinu, mzee mwenye visigino vilivyopasuka, na hakuweza kulisema.

"Wako wapi?" Gaudensi aliuliza.

"Waliokwenda nimewalaza nyuma ya migomba. Waliobaki wako jikoni, wanakula."

Mlango wa jiko ulikuwa mfupi. Alitoka kikongwe mmoja kwa mkongojo, kichwa kwanza, na bakuli la maharage limekumbatiwa kifuani. Alimtazama Gaudensi kwa muda mrefu, kichwa upande, kama kuku.

"Gaudensi," akasema, "mbona umekonda?"

Mzee alianguka kwa magoti yote mawili. "Dada Kanisia," akasema. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa na dada. "Dada. Nilipiga kengele."

"Nilisikia. Nilikuwa hapo kwenye jiwe, ungeipigaje nisisikie?"

"Sikugeuka."

"Nisingependa ugeuke. Nilikuwa nalia vibaya, kamasi zote nje." Akamnyooshea bakuli. "Umekula?"

Alikula. Alikula pale pale akiwa amepiga magoti kwenye uchafu wa kuku, na Kanisia akisimama juu yake kumkinga na upepo. Mimi niliyetazama nilidhani msamaha huwa na maneno makubwa kuliko hayo.

Restituta alimlaza Mama kando ya moto, akaunyoosha mguu wake tena, vizuri zaidi kuliko tulivyofanya sisi, na Mama akapata nafasi ya kutaja baba za watu wapya. Nilimfungua Bibi mgongoni. Nikatafuta nguzo za panda kwa mazoea, sikuziona. Palikuwa na kigoda kando ya mafiga, cha chini kabisa, miguu yake ndani ya majivu. Nikamkalisha hapo. Nilimtazama Gaudensi kupitia mlango. Alinitazama. Akaendelea kula.

Jioni alitembea nyuma ya migomba na Restituta. Kaburi lililojulikana jina, Restituta alitaja. Lisilojulikana, Gaudensi alisimama, akajaribu kukumbuka nani alipumzishwa na blanketi la rangi gani, na mara nyingi alikumbuka. Watu walimfuata. Kila jina lililotajwa walijibu utuombee, na niligundua ndani ya giza la moshi, nikiwa nimeshika mkono wa Mama, kwamba sasa naelewa ninachoitikia. Wale walikuwa watakatifu wetu. Tulikuwa tukiwaita wa mbali kumbe wetu wako shambani kwa mtu.

Nimefikiri sana juu ya duara lile. Waliolia walilia kwa haki. Lakini rozari nayo ni duara, na sijamsikia mtu akiilaumu kwamba haimfikishi popote. Kosa halikuwa kuzunguka. Nadhani kosa lilikuwa kupita mlangoni kwa mtu misimu yote hiyo bila hodi.

Asubuhi watu waligawanyika, bila ugomvi. Wazee na wenye mimba walibaki, wakaanza kupimana viwanja kwa macho. Wengi wa vijana walitaka kwenda. Walisema miguu yao haijui kazi nyingine, na isitoshe wanakopita kuna nyumba nyingine pengine, moshi mwingine, watu wengine wanaopanga mashamba yao kwa kengele. Waende wakapige hodi. Bibi naye? Restituta alisema anaweza kubaki jikoni, kwani hali chakula. Mama akasema hapana, huyo ni wa kutembea, mtamfanya ahuzunike. Kanisia akasema aende sasa, arudi mavunoni kama jamaa yeyote mwenye heshima.

"Nitambeba," Gaudensi akasema.

Tulidhani anatania. Hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko kengele. Lakini alikuwa ameshageuka na kuinama, mgongo wake mrefu umelala kama meza, akingoja. Nikaichukua kanga yangu, nikamweka Bibi juu yake, nikaizungusha kifuani mwake.

"Siyo hivyo, atateleza," Mama alifoka kutoka kwenye mkeka. "Gaudensi, inama zaidi. Tekla, mpandishe. Pindo lipite chini ya makalio yake. Chini! Sasa jitikise. Jitikise bwana, hukuwahi kuona wanawake? Eeh. Umeona? Katulia."

Mzee alisimama wima. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika fundo la kanga kifuani, asiamini kwamba litashika, na kwa hiyo hakuwa na mkono wa kengele. Dada yake akaichukua, akaifunga kwa kamba kiunoni mwa Gaudensi. Mzee akapiga hatua moja, ikalia. Akasimama, ikanyamaza. Akapiga nyingine. Kengele iliyokuwa ikitutembeza sasa ilikuwa inapigwa na mwendo wa mtu. Alisikia jambo hilo sawasawa na nilivyolisikia mimi, nikauona uso wake ukifunguka kama wa mwanafunzi.

"Tunakwenda," akasema, akiwaambia na wakati huohuo akiwauliza.

Walipanda kijinjia wakimfuata, ubani nyuma safari hii, kuku mbele, kila mtu alivyotaka. Mimi nilibaki na Mama, nikasimama mlangoni. Miguu yangu ilianza kwenda yenyewe, nikaushika mlango. Sikuwahi kuisikia kengele ikiondoka. Ukiwa ndani ya Maandamano ni sauti kubwa, iko kila mahali, huna habari nayo, kama damu. Kwa nje ni kitu kidogo, kizuri, kinachopungua. Kilipita kwenye mianzi, kikapita jiwe, kikawa chembe, nikabaki na sauti ya maji yanayochemka na ya mtu anayekuna kichwa.

"Wamefika wapi?" Mama akauliza.

"Siwasikii tena."

"Hata mimi."

Nilirudi ndani, nikasimama katikati ya nyumba mikono imening'inia. Restituta aliniambia nikae, nikasema asante, nikaendelea kusimama. Sikujua mtu hukaaje pasipo kungoja kuinuka.

Mama alinitazama. Kisha akashika kwa mikono miwili paja lake lililofungwa, akauma meno, akajisogeza ukutani mpaka mkeka ukabaki na nafasi ya mtu mmoja.